Kuishi na Nyonga Mbovu Ukiwa na Selimundu

Mtu aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, akifika hospitali, jibu la maumivu yake huwa limeshaandaliwa kabla hajafungua kinywa. Akilalamikia mgongo, ni selimundu. Akilalamikia kifua, mikono au miguu, ni selimundu. Atatundikiwa dripu, atachomwa sindano ya kutuliza maumivu, ataambiwa anywe maji mengi na ajikinge na baridi, kisha ataruhusiwa kurudi nyumbani. Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi, na kwa kuwa huwa sahihi mara nyingi, hakuna anayeona haja ya kulihoji siku linapokuwa pungufu. Nyonga yangu ya kushoto ilianza kuuma nilipokuwa chuo cha ualimu, na kwa miaka kadhaa maumivu yake yaliandikwa kwenye faili langu kwa maneno yaleyale yaliyotumika kwa mashambulizi mengine yote, ilhali yalikuwa na tabia yake kabisa.

Nieleze tabia hiyo kwa urefu, kwa sababu ndiyo ambayo mzazi mwenye mtoto wa selimundu anapaswa kuijua. Shambulio la kawaida huja, hupanda, huushika mwili kwa siku kadhaa bila kujali umekaa au umelala, kisha hushuka na kukuachia uchovu. Maumivu ya nyonga yalikuwa yakifuata nyendo zangu. Yaliamka nilipoinuka kwenye kiti baada ya kusahihisha madaftari, yakapungua kidogo nilipopiga hatua chache, yakarudi kwa nguvu nilipopanda ngazi ya daladala au nilipojigeuza kitandani usiku. Yalianzia kwenye kinena, yakashuka kwa mbele ya paja, na mara nyingi yalitua kwenye goti. Kwa sababu hiyo picha ya kwanza ya eksirei niliyopigwa ilikuwa ya goti. Goti lilikuwa zima, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Ni baadaye sana nilipoelezwa kwamba nyonga na goti hupata hisia kupitia baadhi ya mishipa ya fahamu ileile, hata ubongo hukosea kuhusu mahali kilio kinapotoka, na kwamba mtoto anayelalamikia goti lisilo na kasoro anapaswa kupimwa nyonga siku hiyohiyo.

Kinachotokea ndani ni jambo linaloeleweka bila elimu ya udaktari. Kichwa cha mfupa wa paja ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga. Tufe hilo hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa michache na myembamba inayopanda kwenye shingo ya mfupa, na mishipa hiyo ikiziba hakuna njia nyingine ya maana ya kulifikishia damu. Seli nyekundu za mwenye selimundu zinapopungukiwa na oksijeni hujipinda, hukakamaa na kukwama, na sehemu ya tufe hufa kwa kukosa damu. Mfupa uliokufa huendelea kubeba uzito kwa muda kana kwamba hakuna kilichotokea, hadi tabaka lililo chini ya gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linapovunjika na tufe kubonyea. Kuanzia hapo kitu kisicho mviringo huzunguka ndani ya kikombe cha mviringo, na kila hatua huharibu pande zote mbili. Si wenye selimundu peke yao wanaopatwa na hali hii. Humpata pia aliyevunjika shingo ya paja, aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na mnywaji wa pombe nyingi. Kwetu sisi, hata hivyo, hutokea tukiwa bado vijana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, uliowapima kwa eksirei wagonjwa wa selimundu zaidi ya 2,500, ulimkuta takribani mmoja kati ya kila kumi akiwa na uharibifu huo kwenye nyonga. Katika nchi kama Tanzania, ambako inakadiriwa kuwa watoto 11,000 au zaidi huzaliwa na selimundu kila mwaka, hesabu hiyo si ndogo.

Tatizo jingine ni kwamba eksirei huchelewa. Katika hatua za mwanzo picha hutoka safi, mgonjwa huambiwa hana kitu, na kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ambacho kingeonesha mapema hupatikana katika hospitali chache na kwa gharama ambayo familia nyingi hazina. Kwa hiyo mtu huishi na cheti kinachosema mzima na mguu unaosema vingine.

Katika pengo hilo ndimo tiba za nyumbani zinapoingia, na sina dharau nazo. Mama yangu aliamini kuwa ni baridi yabisi, kwa kuwa yeye mwenyewe anaumwa magoti na dalili alizoziona kwangu zilifanana na zake. Alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na tangawizi, na nakiri kwamba misuli ya paja, ambayo hukaza kutwa nzima ili kuilinda nyonga, ilikuwa ikilegea na kuniruhusu kulala. Shangazi alinipeleka kupigwa chuku. Baada ya chuku nilipelekwa kwa mzee mmoja anayeunga mifupa huko Pangani, mtu mwenye sifa ya kweli katika kuvunjika kwa mikono na miguu, ambaye alinishika kifundo cha mguu akataka kuuvuta na kuuzungusha ili "kurudisha nyonga mahali pake". Nilipiga yowe kabla hajaanza. Nyonga yangu haikuwa imetoka mahali pake, na kuvuta kwa nguvu kiungo chenye mfupa uliokufa ndani kungeweza kuvunja kilichobaki. Kuchua ni faraja na hakuna ubaya kukifanyika taratibu, lakini kuvutwa mguu na mtu ambaye hajaona picha ya mfupa ni jambo ambalo ningelikataza katika kila nyumba yenye mgonjwa wa selimundu.

Kilichonishawishi mimi mwenyewe kuwa kiungo kinakufa hakikuwa maumivu. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Kila mwanamke aliyelelewa Tanga anajua jinsi inavyokaliwa: kibao kiko chini karibu na sakafu, unakikalia kwa kutanua miguu, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, ulimi wa chuma ukiwa mbele yako na sinia chini yake. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikaa upande upande, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele, nikidhani ni mazoea tu. Mfungo wa Ramadhani mmoja, nazi zikiwa nyingi na futari inasubiriwa, nilijaribu kukaa ipasavyo nikakuta paja la kushoto halitanuki. Halikuuma zaidi ya kawaida; lilikataa tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Mdogo wangu alicheka akasema, "Dada, sasa unakuna nazi kama mgeni wa bara," nami nikacheka naye, lakini usiku ule nilijipima chumbani nikaona kwamba mguu mmoja unafunguka na mwingine haufunguki, na kwamba suruali yangu ya kulalia sasa ilikuwa ikiburuza upande mmoja tu.

Maisha yetu ya Pwani hufanyika chini, na hili halimo katika vijitabu vya nyonga vinavyoandikwa Ulaya. Tunakula mkekani, tunafua tukiwa tumeinama au tumekaa kigoda, tunaswali kwa kusujudu, na vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Msibani ndiko kugumu kuliko kote. Wanawake hukaa chini, mikekani, wamebanana, na anayeomba kiti huwa ni bibi aliyezeeka au mtu anayejiona. Mimi nilikuwa na umri wa chini ya miaka 30. Katika msiba mmoja wa jirani niliomba kiti, na mama mmoja mtu mzima akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, una mimba?" Nilimjibu kuwa nyonga inaniuma. Akanitazama miguu, akatazama uso wangu ambao haukuwa na kovu wala mkunjo, akasema, "Nyonga ni ya sisi wazee, wewe una uvivu." Hakuwa na nia mbaya. Maumivu yasiyo na jeraha la kuonyesha yanadaiwa ushahidi, na mwenye selimundu huwa amechoka kutoa ushahidi tangu utotoni.

Fimbo ilinisaidia katika mambo mawili: ilipunguza maumivu, na ilinyamazisha maswali. Kuhusu fimbo kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Unaposimama kwa mguu mmoja, kama inavyotokea katika kila hatua, nyonga hubeba mzigo unaofikia mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa kuwa misuli ya pembeni ya nyonga hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiwiliwili kisiangukie upande wa pili. Fimbo ikishikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa nyonga mbovu hufanya sehemu ya kazi ya misuli hiyo, na mzigo hupungua sana. Ukiishika upande uleule unaouma, kama karibu kila mtu anavyofanya kwa silika, faida yake hupungua. Nilifundishwa haya na mtaalamu wa mazoezi tiba katika dakika chache, baada ya miaka ya kuchechemea, na mpaka leo nikimwona mtu barabarani ameshika fimbo upande usio sahihi hupata shida kujizuia nisimsimamishe.

Aliyegundua ubovu wa nyonga yangu alikuwa daktari kijana aliyekuwa katika mafunzo ya kazi, na hakutumia mashine yoyote. Alinilaza chali, akaukunja mguu wa kulia kwenye nyonga na goti, akauzungusha taratibu kuelekea ndani na nje. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa wa kushoto. Wa kushoto haukuzunguka kuelekea ndani hata kidogo, nami niliruka kitandani. Akasema, "Dada, hii si damu tu, hiki ni kiungo." Picha ya nyonga iliyopigwa siku ile ilionyesha tufe lililobonyea juu kama yai lililogongwa. Mzunguko wa kuelekea ndani ndio aghalabu hupotea mapema nyonga inapoharibika, na kuupima huchukua muda mfupi kuliko kuandika cheti cha dawa.

Baada ya hapo yalianza mazungumzo ya tiba, na hapa nina ugomvi na namna yanavyofanyika. Katika hatua za mwanzo, kabla tufe halijabonyea, madaktari wanaweza kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake na kuipa damu nafasi ya kurudi, ingawa kwa wenye selimundu matokeo ya njia hiyo hutofautiana sana. Kwangu wakati huo ulikwisha kupita. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo nilianzishiwa na ambayo imepunguza mashambulizi yangu kwa kiasi kikubwa, haifufui mfupa uliokwisha kufa. Vidonge vya diklofenaki na ndugu zake, ambavyo tunavinunua duka la dawa kama pipi, huumiza tumbo na figo, na figo za mwenye selimundu tayari ziko hatarini. Nilipopimwa nikaelezwa niviache. Kilichobaki kilikuwa kubadilishwa nyonga, na kila niliyemwuliza alinijibu: "Bado mdogo. Subiri."

Sababu ya kusubiri ni ya kweli. Nyonga bandia huchakaa na kulegea, na kuirudia upya ni kazi ngumu kuliko ya kwanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotokana na kumbukumbu za wagonjwa wengi wa Australia na Finlandi, ulikadiria kuwa asilimia 89 ya nyonga bandia hudumu miaka 15, asilimia 70 hudumu miaka 20, na asilimia 58 hudumu miaka 25. Ni takwimu za kutia moyo, lakini sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wazee waliochakaa gegedu, si walimu vijana wenye selimundu. Kwetu uwezekano wa maambukizi ni mkubwa zaidi, na ndani ya mfupa wa paja mara nyingi huwa pagumu na pembamba kutokana na makovu ya mashambulizi ya zamani, hata kuingiza kishikio cha chuma huwa kazi. Yote hayo nilielezwa, nikayakubali. Nilichokataa ni hesabu inayotazama umri wa chuma bila kutazama umri wa mtu. Miaka ninayoambiwa nisubiri ndiyo miaka ya kusimama mbele ya darasa, ya kuolewa, ya kubeba mtoto. Nikihifadhiwa nyonga nzuri mpaka uzeeni, nitaitumia kurudisha lipi nililolikosa ujanani? Daktari bingwa wa tatu niliyemwona alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza naweza kutembea umbali gani, nalala saa ngapi, na ninafanya kazi gani, kisha akasema kuwa majibu hayo ndiyo yanayopanga tarehe.

Wagonjwa wa nyonga kutoka mkoani kwetu huelekezwa hospitali ya KCMC kule Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa, MOI, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Gharama ni mamilioni ya shilingi, na sehemu kubwa ni kiungo chenyewe. Familia yangu ilichanga kama inavyochangia harusi, kwa kamati na orodha. Ndugu wengine walichangia damu, kwa maana mwenye selimundu kwa kawaida huongezewa damu kabla ya upasuaji ili kiwango chake kikaribie gramu 10 kwa desilita. Jambo nililosisitiza kwa wauguzi, nao walilielewa, ni kwamba nisiachwe na kiu wala baridi: anayesubiri upasuaji hukatazwa kunywa, na chumba cha upasuaji huwa na kiyoyozi kikali, na mambo hayo mawili ndiyo huanzisha shambulio. Nilitundikiwa dripu mapema na kufunikwa blanketi. Sikupewa nusu kaputi. Nilichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, nikasikia nyundo na msumeno kama fundi seremala yuko chumba cha pili.

Huwa nawaza kuhusu John Charnley, daktari wa Uingereza aliyetengeneza nyonga bandia inayofanana na hizi za leo katika hospitali ya Wrightington. Kikombe chake cha kwanza kilikuwa cha Teflon, ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na kilisagika ndani ya miili ya wagonjwa katika miaka michache, ikabidi awafungue tena. Mwaka 1962 alihamia plastiki ngumu ya polietilini, na plastiki ya jamii hiyo ndiyo iliyo ndani yangu, japo imeboreshwa. Navutiwa na wagonjwa wale wa kwanza ambao hakuna anayewataja.

Siku iliyofuata upasuaji nilisimamishwa. Yale maumivu ya kinena hayakuwepo. Kulikuwa na maumivu ya kidonda, ambayo ni mageni na yana mwisho. Kisha zikaja sheria: usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, usiugeuze mguu kuelekea ndani, ujichome sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Karatasi niliyopewa ilisema nitumie choo cha kukaa kilichoinuliwa. Nyumbani kwetu choo ni cha kuchuchumaa. Fundi wa mtaani alichukua kiti cha plastiki, kile cheupe chenye mikono, akachora duara kwenye kikalio kwa kalamu, akalikata kwa msumari uliopashwa moto, akalainisha kingo kwa msasa ili zisinikate, na kukisimamisha juu ya tundu. Miguu ya kiti iliteleza kwenye sakafu yenye maji, akaivalisha vipande vya mpira wa ndala. Kwa mgonjwa wa nyonga katika nyumba kama yetu, kile kilikuwa kifaa tiba cha lazima, na ningependa hospitali zimwulize kila mgonjwa ana choo gani kabla hazijamwuliza lolote kuhusu mazoezi.

Nyonga ya kushoto sasa hainiumi. Naswali nikiwa kwenye kiti, msibani nakaa kwenye kiti bila kuomba radhi, na nazi nanunua iliyokwisha kukunwa sokoni Ngamiani. Ya kulia imeanza. Uharibifu huu mara nyingi hushika pande zote mbili, kwa hiyo sikushangaa, na safari hii nimefika kliniki nikiwa na lugha: nimeeleza ni wakati gani inauma, inashuka mpaka wapi, na ni mwendo upi uliopungua. Kila ninapohudhuria kliniki ya selimundu namwomba anayenihudumia, baada ya kupima wingi wa damu na kuniandikia asidi foliki, azungushe nyonga zangu kuelekea ndani na aandike alichokiona. Na nikiwa pale kwenye benchi nawaambia akina mama wenye watoto waombe vivyo hivyo. Wengine huniuliza kama ni muuguzi. Picha ya kulia inaonyesha tufe lililoanza kubonyea upande wa juu. Daktari anataka tusubiri walau mwaka mmoja, tuone. Mimi nataka ifanyike likizo ya Desemba, ili shule ifunguliwe nikiwa nimeshapita wiki za magongo, na bado tunajadiliana.